Kamera Nne na Uso wa Bi Salma

Mama wa bibi harusi alizishika picha mbili, moja mkono wa kulia na nyingine wa kushoto, akazitazama kwa zamu, kisha akauliza kwa upole kabisa kama siku ile waliolewa mabinti wawili au mmoja.

Picha zilikuwa za binti yuleyule, kwenye kiti kilekile, keki ileile ikiwa mbele yake. Moja ilikuwa imepigwa na Zuena, nyingine na Mashaka. Kwa Zuena binti alikuwa na wekundu wa machungwa usoni, kama aliyekaa karibu na jiko la mkaa. Kwa Mashaka alikuwa wa kijivu, kama mtu aliyeinuka kitandani na homa. Na lile gauni la mama mwenyewe, ambalo ukumbini kila mtu aliliona la zambarau, huku lilikuwa bluu na kule damu ya mzee. Zuena alijaribu kueleza habari za taa za ukumbini. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, akaziweka picha mezani, akasema rangi ya mwanawe anaijua tangu siku aliyomzaa, na zile zote mbili si yake.

Zuena Marijani alirudi nyumbani Mwananyamala na maneno yale yakimrudia kichwani. Alikuwa mzaliwa wa hapohapo, na kupiga picha za harusi ndiyo kazi aliyoifanya tangu amalize shule. Harusi kubwa yeye na wenzake hawakuzifanya mmoja mmoja. Walikuwa kikundi cha wapiga picha waliopeana kazi na kusaidiana. Siku zile kikundi kilikuwa kimeshachanga ili kinunue kamera za aina moja, picha za wote zifanane. Kilichowashinda ni kukubaliana aina yenyewe.

Kikao walikifanya uani kwa Bi Salma, shangazi yake Zuena, dada wa baba yake, ambaye Zuena alikuwa akiishi naye. Kila mtu alikuja na kamera yake kifuani kama mtoto wa kunyonya. Mashaka, aliyekuwa mkongwe wao na ndiye aliyemfundisha Zuena kushika kamera, alisema kamera yake, jiwe lile zito, limekula pilau nyingi za harusi kuliko wote waliokaa pale. Munira, aliyekuwa na kikamera kidogo alicholetewa na dada yake kutoka Dubai, alisema dunia imeshahama huko kwenye mizigo. Mashaka akamjibu kwamba kile chake ni cha kupigia chakula cha kuweka Instagram. Wengine wakafungua simu, wakaanza kuonyeshana video za wataalamu wa ng'ambo wanaolinganisha kamera.

Zuena alitazama moja ya zile video, kisha akairudisha simu kwa mwenyewe.

"Huyu Mzungu anampiga mkewe," alisema. "Mkewe mweupe kama karatasi, amekaa dirishani na theluji nje. Sie tunapiga watu weusi, ndani ya ukumbi wa taa za zambarau, wanacheza. Kwa nini tusipime wenyewe?"

Kisha wakakubaliana, tena kwa shangwe, kwamba kila mmoja aende akapige picha nzuri kwa kamera yake, wakutane Jumapili wazilinganishe.

Jumapili ilikuwa aibu tupu. Mmoja alileta mtoto anayekula aiskrimu ufukweni saa kumi jioni. Mwingine alileta sahani ya ugali. Mashaka alileta mwari wa Kizaramo aliyempiga miaka mitatu nyuma, picha nzuri kweli, ila si ya juzi. Walibishana mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyeweza kusema kwa haki kwamba hii imeishinda ile.

Aliyecheka peke yake alikuwa Lusungu. Huyu alikuwa kijana mtulivu wa Rungwe, mwenye kupiga picha siku za mapumziko tu. Siku za kazi alikuwa kwenye kiwanda kimoja cha juisi Mikocheni, kitengo cha ubora. Zuena alimuuliza anacheka nini. Lusungu akaeleza kwamba kule kwao juisi haionjwi hivyo. Juisi zote zinawekwa baridi sawa, zinamiminwa kwenye vikombe vya aina moja, kila kikombe kinapewa herufi, na anayeonja hajui kikombe kipi kimetoka wapi. Kama mmoja ataonja ya moto na mwingine ya barafu, alisema, hapo hujapima juisi, umepima friji.

Usiku ule usingizi ulimpita Zuena mbali. Alijiona ameshakipanga chumba chote kichwani: kiti kinakaa pale, kamera inakaa hapa, mwanga unatoka kule, na mtu ni yuleyule, kamera ndizo zinazobadilika. Asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, alimwendea Bi Salma kumwomba chumba cha uani ambacho mpangaji alikuwa amekihama.

Bi Salma alitoa masharti mawili. La kwanza, chumba chake hakipakwi rangi nyeusi, maana Jumapili alishamsikia Lusungu akilitaja hilo, eti ukuta mweusi haurudishi mwanga. La pili, atakayekaa kwenye kiti ni yeye.

"Nyie si mnatafuta sura nyeusi?" alisema. "Basi mnayo hapa, haijachujuka bado."

Kazi ikaanza, na katika maisha yake Zuena hakukumbuka kazi iliyompa raha kiasi kile. Walichagua kamera nne zilizokuwa zikigombaniwa: jiwe la Mashaka, kikamera cha Munira, ya Zuena mwenyewe, ambayo ilikuwa ya kisasa na aliipenda kama mboni ya jicho, na moja ya Lusungu. Wakaweka kiti karibu na dirisha. Munira akaleta rangi yake ya kucha, nyekundu ya kukoza, wakazungushia kila mguu wa kiti na kila mguu wa stendi ya kamera duara sakafuni, kitu kisisogee hata unywele bila kujulikana. Umbali waliupima kwa uzi: ncha moja waliifunga kwenye stendi, ncha nyingine walipiga fundo, na kabla ya kila picha Bi Salma alilishika lile fundo puani mwake, makini kama anayepimwa nguo na fundi. Uzi ukikaza, yuko mahali pake. Ukilegea, anasogea.

Mezani kando yake Zuena alitaka kuweka nyanya, limau na binzari, waone kamera zinavyozitendea rangi. Lusungu alikataa. Nyanya ya leo si ya wiki ijayo, alisema; hii itaiva zaidi, ile itaoza. Wakakata vipande vya kanga, chekundu, cha manjano, cha bluu na cheupe, wakavishonea kwenye ubao wa boksi. Kwa kupima mwendo, maana bibi harusi hakai kama sanamu, walifunga utepe kwenye feni ya mezani na kuiwasha namba moja. Na kwa mwanga hafifu wa ukumbini walifunga dirisha, wakabakiza taa moja tu iliyofunikwa nailoni ya zambarau. Kila kamera ingempiga Bi Salma dirishani, ingepiga feni, ingempiga tena kwenye taa ya zambarau. Anayebonyeza awe mmoja tu, Zuena, na kila picha irudiwe.

Mashaka hakuja. Alimpa Zuena kamera yake mlangoni, akasema yeye ana kazi za watu wazima.

Siku ya kwanza iliharibiwa na mafuta ya nazi. Walikuwa wamemaliza kamera mbili, na ya tatu ilipoingia, uso wa Bi Salma ukatoka unang'aa kama sufuria mpya. Munira akaruka kwa furaha kwamba hiyo ndiyo kamera. Lusungu akasogea, akamtazama bibi yule kwa heshima na kumwomba radhi kwanza, kisha akamuuliza kama kuna kitu amebadilisha. Bi Salma akakiri bila kuona soni. Alijiona kwenye laptopu amepauka, akaenda chumbani mara moja kujipaka kidogo tu. Ilibidi waanze upya. Lakini Zuena aliona shangazi yake ana haki. Ni bibi harusi gani anakaa mbele ya kamera bila kupakwa kitu? Tangu siku ile kila kipimo kilianza kwa Bi Salma kupakwa mafuta, kiasi kilekile, na mtu yuleyule, na baada ya hapo haruhusiwi kuinuka mpaka kamera zote nne zimalizike.

Mzunguko mzima ulipokamilika waliziweka picha zote kwenye kioo cha laptopu, nne nne, bila majina ya kamera, maana Lusungu alikuwa ameyaficha, na Zuena akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii aliona tofauti yenyewe, uchi, bila kisingizio. Ni uso mmoja, mkunjo mmoja wa ushungi, na kamera nne zinasema mambo manne. Moja iliuchoma weusi wa Bi Salma mpaka ukageuka mkaa usio na pua. Nyingine ilimpa wekundu ambao hakuzaliwa nao. Walikaa pale wakivuta picha mbele na nyuma, wakinyooshea vidole kope, mkunjo wa shingo, weupe wa kanga, mpaka mwadhini akawakumbusha kwamba jua limezama.

Lusungu alisema lazima warudie wiki inayofuata. Kipimo kikitoa jibu moja leo na jingine kesho, hakina maana. Zuena alikubali kwa moyo mweupe, maana alikuwa na hakika.

Wiki iliyofuata Bi Salma alitoka wa kijani.

Hakutoka hivyo kwa kamera moja. Zote nne zilimpa ukijani chini ya kidevu na kwenye shavu la upande wa dirisha, kama mtu anayetaka kutapika. Zuena alibadilisha kadi, akaangalia mpangilio wa rangi wa kila kamera, akafuta lenzi, akapima uzi. Maduara ya rangi ya kucha yalikuwa palepale, na miguu ya kiti ilikuwa ndani yake. Habari zikamfikia Mashaka, naye akapiga simu kusema, bila kejeli safari hii, kwamba mambo ya picha yana bahati yake, si juisi, na kwamba Zuena asijichoshe.

Simu ile ilimuuma kwa kuwa ilisemwa kwa upole. Zuena aliingia chumbani peke yake, akafunga mlango. Akakaa kwenye kile kiti, mahali pa shangazi yake, ambapo hakuwahi kukaa hata mara moja. Akalishika fundo la uzi puani. Akageuza macho dirishani kuona kile anachokiona Bi Salma.

Ukuta wa jirani ulikuwa wa kijani.

Wiki iliyopita ulikuwa wa saruji tupu. Sasa ulikuwa kijani cha ndizi mbichi, kuanzia chini mpaka juu, na jua la saa nne limeupiga wote. Jirani huyo, Mzee Gaudens, alikuwa anamwoza binti yake, akaamua nyumba ipendeze kabla wageni hawajashuka kutoka Bukoba. Mwanga uliogonga ukuta wake ndio ulioingia dirishani na kutua kwenye shavu la Bi Salma.

Zuena alitoka mbio, kandambili moja ikabaki mlangoni. Alimkuta Lusungu uani, akamkamata mkono, akamvuta mpaka kwenye kiti na kumkalisha. Lusungu alitazama dirishani, akatazama tena, kisha yule mtu mtulivu akapiga paja lake na kucheka mpaka machozi yakamtoka. Kipimo hakikuwa kimeharibika. Kilikuwa kizuri kiasi cha kuliona jambo ambalo wao wenyewe walipita kando yake asubuhi wakamwamkia Mzee Gaudens shikamoo na wasilione.

Ukuta wa watu huwezi kuupaka upya. Walichofanya ni kuomba shuka jeupe kwa Bi Salma na kulitundika nje ya dirisha, likawa ndiyo pazia la kudumu. Wakarudia mzunguko wa kwanza na shuka, wakarudia tena siku ya pili na shuka lilelile. Walipoziweka picha za siku zile mbili bega kwa bega, Munira hakuweza kusema ipi ya juzi na ipi ya jana. Zuena alizunguka chumba kizima akicheza, Bi Salma akimpigia makofi kwenye kiti, kwa kuwa bado alikuwa haruhusiwi kuinuka.

Siku ya kuamua walisafisha picha kwenye karatasi, kubwa za kutosha, wakazitundika uani kwenye kamba ya nguo. Nyuma ya kila picha kulikuwa na herufi, na aliyejua herufi ipi ni kamera ipi alikuwa Lusungu pekee. Hata Zuena alikuwa amejinyima kwa makusudi, akamwachia achanganye majina yote. Kikundi kizima kilifika, pamoja na akina mama wa jirani. Mashaka naye alikuja, amevaa miwani yake ya kusomea. Kila mmoja alipewa kibanio cha nguo, akibane kwenye seti ya picha anayoiona bora, bila kusema neno.

Zuena alipita mara ya kwanza kwa haraka, mara ya pili polepole. Alisimama kwenye seti moja akashindwa kuondoka. Ngozi ya Bi Salma ilikuwa nyeusi na bado ina uhai ndani, ungeweza kuona mafuta ya nazi kwenye paji la uso na kivuli laini chini ya jicho. Aliijua kamera yake. Miaka yote ile aliyoishika, angewezaje kuikosa? Alikibana kibanio chake pale, akaenda kusimama pembeni, akijaribu kutotabasamu.

Lusungu akageuza picha moja moja na kusoma. Seti iliyobeba vibanio vingi kuliko zote ilikuwa ya kikamera cha Munira. Munira alikaa chini palepale kwenye sakafu ya saruji. Kibanio kimoja kati ya vile kilikuwa cha Mashaka.

Kisha akageuza seti aliyoichagua Zuena. Ilikuwa ya jiwe la Mashaka.

Seti ya kamera ya Zuena mwenyewe ilikuwa mwisho wa kamba, haina kibanio hata kimoja. Ilikuwa ndiyo ile iliyompa Bi Salma wekundu wa kubandika. Zuena alipita mbele yake mara mbili, na mara zote mbili alijiambia kimoyomoyo kwamba masikini mwenye kamera ile.

Alimtazama Mashaka, na Mashaka alikuwa anamtazama yeye, miwani imeshuka puani, kila mmoja akiwa ameitupa kamera yake na kuchagua ya mwingine. Wa kwanza kucheka alikuwa Mashaka.

"Zuena," alisema, "mie nilikuwaga nasema hiki kidude ni cha kupigia sahani."

"Na mie nilisema lako ni la makumbusho, kaka."

Kicheko kiliwashika wote. Zuena alihisi mwili umekuwa mwepesi, kama mtu aliyevua kiatu alichokivaa siku nzima bila kujua kinambana. Miaka yote alikuwa akizitengeneza picha zake kwenye kompyuta mpaka usiku, akidhani kosa ni mikono yake. Sasa alijua kumbe ni kamera. Na kujua kwenyewe kulimfurahisha kuliko ambavyo ushindi ungemfurahisha. Kikundi kilikubaliana palepale, hakuna aliyepinga: kamera za aina ya Munira. Mashaka alianza kukagua chumba, akasimama juu ya maduara mekundu, akauvuta uzi, akasema taa ile ya zambarau ni ya uongo, maana kumbi za siku hizi zina taa zinazozunguka, na yeye anamjua DJ wa Kimara atakayewaazima.

Wakati huo Bi Salma, ambaye siku ile kwa mara ya kwanza alikuwa huru kuinuka, alikuwa anatembea peke yake kwenye kamba ya nguo. Hakuna aliyempa kibanio. Hakuna aliyekumbuka. Alipita picha za Munira, akapita za Mashaka, akafika mwisho wa kamba, akaichomoa moja na kuishika mbele ya macho yake kwa muda mrefu.

Zuena alimfuata. Picha aliyoishika ilikuwa ya kamera yake, ile iliyokosa kura.

"Shangazi, hiyo ndiyo mbovu kuliko zote," alimwambia. "Imekutia wekundu ambao huna."

"Alikuwa nao mama," Bi Salma alijibu. "Jioni akitoka kupika. Nyie hamkumwona." Akaikunjia picha ile ndani ya kanga yake. "Hii naichukua mie."

Zuena alibaki ameshika kamba. Alimwita Lusungu, akamweleza kwa sauti ya chini, na Lusungu akakuna kichwa, akasema kule kiwandani mnywaji ndiye anayeonja mwisho, na wao walikuwa wamemwacha mtu mmoja tu bila kikombe. Wakatazamana.

"Anayepigwa apige kura," Zuena alisema. "Kila kipimo. Na tupate sura zaidi ya moja, nyeupe, ya maji ya kunde, nyeusi, ya mzee, ya msichana. Kila mmoja achague yake kabla sie hatujachagua."

Mashaka alitoa kichwa mlangoni kuuliza kama wanaanza kupima lenzi leo au kesho. Munira alikuwa tayari amepiga magoti sakafuni na kichupa cha rangi ya kucha, anakoleza maduara yaliyoanza kufutika. Zuena alichungulia shuka dirishani, akaona mwanga bado upo wa kutosha, akaenda uani kuwauliza akina mama wa jirani nani yuko tayari kukaa kwenye kiti.